Fundi Hakukuuzia Gari

Nilikuwa nimeahidi kuandika habari za hosteli na foleni ya maji, lakini itabidi msubiri. Nimerudi nyumbani Jang'ombe likizo, wiki ya pili hii, na kuna neno moja limenichosha masikio: KAPIGWA.

"Kaka yako kapigwa." Kaniambia muuza urojo kabla hajaniuliza kama nataka bajia. Kaniambia jirani akiwa juu ya kamba anaanika nguo. Barzani wamekaa wazee wanne na kahawa yao, nikipita wananipa pole utafikiri tumefiwa. Kapigwa na nani? Na fundi gari. Fundi kafanya nini? Kafungua gari, kaangalia, kasema alichokiona. Basi! Hilo ndilo kosa lake. Na kwa kosa hilo, ndani ya siku kumi, watu watatu wameshakwenda kuondoa magari yao kwenye kiwanja chake, na wale vijana wawili anaowafundisha kazi wamekaa chini ya mwembe wanacheza bao.

Mie nasema fundi hakumpiga mtu. Na nitasema kwa nini, kwa kirefu, na mwenye kununa anune.

Kwanza gari yenyewe. Kaka kanunua Toyota Altezza, AS200, ya fedha, rimu inchi kumi na saba. Kwa wale wasiozijua gari (mpo wengi, msijifiche), Altezza ni gari ya spoti yenye milango minne. Ilitoka Japani 1998, ikachaguliwa Gari ya Mwaka ya Japani ya 1998–1999, na nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS 200. Inasukumwa na matairi ya nyuma, na dashibodi yake imechorwa kama saa ya mkononi, na saa ndogo ndani ya saa kubwa. Kwa kijana wa Ng'ambo hiyo ndiyo gari ya spoti ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiota na akaamka nayo mlangoni. Namuelewa kaka yangu, walla. Ila Altezza ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani 2005. Hesabu mwenyewe miaka. Gari hii ingekuwa mtu ingeshakuwa na kitambulisho, imeshapiga kura na imeshamaliza fomu six.

Kainunua kwa mtu hapa hapa mjini, milioni nane na nusu. Mita inasoma kilomita elfu themanini na nne. Alipofika nayo nyumbani mama alichoma ubani. Siku ya tatu akaipeleka kwa fundi wetu, jirani tuliyesoma naye skuli moja, akampa laki moja na ishirini: oili, filta, plagi, mwisho wa habari.

Siku ya pili jioni fundi akaleta karatasi. Mkanda wa taimingi, na tenshona yake, na wota pampu inayotoa jasho: laki tatu na arubaini. Boli jointi mbili za chini za mbele: laki na nusu. Oili sili na gasketi za juu: tisini elfu. Breki za nyuma: laki na thalathini. Mipira ya rejeta: sabini. Ufundi: laki mbili. Jumla laki tisa na themanini elfu, juu ya ile laki na ishirini. Kaka akaiangalia ile karatasi kama mtu anayesoma hukumu. Akasema, "We, nimekwambia umwage oili, sikukwambia uniuzie gari upya."

Na hapo ndipo neno KAPIGWA lilipozaliwa.

Sasa mie nilikwenda kwa fundi mwenyewe. Nilikwenda kwa sababu wote waliokuwa wanapiga kelele hakuna hata mmoja aliyekwenda kuangalia. (Kuna mzee mmoja barzani akaniambia niendelee na chaki zangu, injini si mambo ya wanawake. Mzee wangu, heshima yako ipo pale pale, lakini wewe huna hata baskeli.)

Fundi hakunibishia wala hakuniapia. Aliniambia tu, "Mwalimu, njoo usome mwenyewe." Akanionyesha ndani ya boneti, pembeni ya kava la mkanda, kibandiko kidogo cha karatasi kilichofubaa. Kijapani kitupu, lakini tarakimu ni zile zile tunazofundisha darasa la kwanza. Nikakipiga picha, simu ikanitafsiria: mkanda wa taimingi umebadilishwa, mwaka H20, kilomita 98,000.

Somo la historia kidogo, msilale. Wajapani wana hesabu yao ya miaka inayofuata utawala wa mfalme. H ni Heisei, enzi iliyoanza 1989 na kumalizika 2019. Heisei 20 ni 2008. Kwa hiyo kibandiko kinasema hivi: mwaka 2008, huko Japani, gari hii ilikuwa imeshatembea kilomita elfu tisini na nane, na gereji ya huko ikaibadilisha mkanda, ikaandika, ikabandika, kwa sababu huko ndiyo desturi yao. Na leo mita inasema elfu themanini na nne. Jamani! Gari imetembea kinyumenyume kutoka Japani mpaka Jang'ombe?

Hapo mie nikauliza swali ambalo wiki nzima hakuna aliyeliuliza: NANI KAMPIGA NANI? Kuna mtu karudisha mita. Iwe alifanya hivyo Dubai, iwe bandarini, iwe hapa hapa Unguja chini ya mwarobaini, fundi wa Jang'ombe hakuwepo. Yeye ni mtu wa kwanza katika safari nzima ya gari hii kusema kweli, na ndiye pekee tuliyemwita mwizi.

Haya, mkanda wenyewe. Ni mpira wenye meno, unaunganisha krenki na kemshafti ili pistoni na valvu zisipande na kushuka ovyo. Toyota kwa mikanda ya namna hii waliweka kilomita laki moja, basi unabadilisha. Lakini mpira hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu na miaka, na joto, na mafuta. Mkanda uliofungwa 2008 ni mzee hata kama gari imelala banda moja. Na huu wa kaka ulikuwa umelowa oili kutoka kwenye sili ya mbele, nimeushika mwenyewe, umekuwa laini kama kaimati. Mkanda kama huo hautoi taarifa. Unakatika unapokatika, na kwenye injini nyingi ukikatika pistoni zinapanda na kukutana na valvu njiani. Pale huzungumzii tena laki tatu, unatafuta injini nzima ya mtumba Gerezani, Dar es Salaam, na nauli ya boti juu yake.

Boli jointi ndiyo mbaya zaidi. Hiki ni kifundo kinachoshika mguu wa mbele wa gari, kama kifundo cha nyonga yako. Kikilegea gari inagonga kwenye kila tuta, na kikichomoka, tairi la mbele linalala upande na wewe umo mwendoni. Kwa Altezza na IS 200 ni ugonjwa unaojulikana, hata watu wa Ulaya wenye Lexus hizo wanaulalamikia. Fundi aliinyanyua gari kwa jeki, akaniambia nishike tairi juu na chini nitikise. Lilicheza mkononi kama jino la mtoto wa miaka sita.

Na taa. Hii mie ilinitia homa. Ukigeuza ufunguo kabla hujawasha, taa ya cheki injini lazima iwake kidogo, halafu izime injini ikinguruma. Ndivyo gari inavyojisema yenyewe kuwa taa ni nzima. Gari ya kaka haiwaki kabisa. Fundi alifungua dashibodi akakuta nyuma ya alama ile kumebandikwa selotepu nyeusi, imekatwa vizuri, kwa mkasi. Mtu alikaa akafikiri. Hakutengeneza ubovu, alitengeneza kimya cha ubovu. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakuwahi kuona mtu anaficha maradhi halafu anamuuzia mwenziwe mwili.

Nisiwachoshe kwa kila nati. Matairi peke yake niwaambie, kwa sababu hilo kila mtu anaweza kuliangalia mwenyewe bila fundi. Ubavuni mwa tairi baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. La kaka limeandikwa 3514, yaani wiki ya thelathini na tano ya 2014. Linang'aa hilo! Limepakwa dawa likawa jeusi kama kanzu ya msibani. Kwenye mikunjo lina nyufa unaweza kuingiza ukucha.

Sasa niwajibu wale wanaosema "gari ya Japani haina shida, mzee wa Kijapani alikuwa anakwendea sokoni tu." Nani kawaambia? Japani gari binafsi ikiwa mpya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, ukaguzi wao unaitwa shaken, na si wa kupita mlangoni ukasalimia. Unalipia kodi, bima, na kila kilichoonekana kibovu unabadilisha. Gari ya petroli ikipita miaka kumi na tatu kodi yake ya mwaka inapanda. Kwa hiyo Mjapani anafika mahali anapiga hesabu: kuitengeneza ipite ukaguzi, au kuiuza mnadani? Ameamua kuiuza. Maana yake gari nyingi zinazokuja kwetu zinakuja hasa wakati bili yake ya matengenezo ilipokuwa inakaribia. Mjapani hakutupiga, ameuza mtumba kwa bei ya mtumba. Sisi ndio tuliopokea gari na tukadhani bili imebaki Yokohama.

Na kule mnadani hakuna siri. Kila gari ina karatasi yake. Mkaguzi anaipa alama, nne na nusu, nne, tatu na nusu, na ile iliyowahi kugongwa mpaka mbavu zikatengenezwa inapewa R au RA. Kuna mchoro wa gari kwa juu, na kila jeraha lina herufi: A mkwaruzo, U bonyeo, W mahali palipotengenezwa, S kutu, na tarakimu ya kuonyesha ukubwa wake. Ikionekana mita imechezewa, inaandikwa. Ile karatasi ipo! Imeandikwa na mtu asiyekuwa na haja ya kukudanganya. Halafu njiani inapotea. Redio inafika, zulia linafika, hata mwavuli wa Mjapani unaukuta chini ya kiti, karatasi peke yake ndiyo haifiki. Ajabu iliyoje.

Kutu nayo. Tumezoea kulaumu bahari yetu, na kweli chumvi ya Unguja haina huruma. Lakini Hokkaido na kaskazini yote ya Japani wakati wa theluji wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Gari inaweza kuteremka bandarini Malindi imeshaanza kuliwa tumboni kabla haijanusa pwani yetu. Nayo ikipigwa rangi nyeusi chini, mteja anaona "imetunzwa".

Kuna jambo zito kuliko yote hayo na hulisikii barzani. Mifuko ya hewa ya Takata. Hii ni kampuni ya Kijapani iliyotengeneza mifuko ya hewa ya magari ya makampuni mengi, Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na wengine. Dawa ya kulipulia mfuko inaharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevunyevu, na mfuko ukifyatuka unaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa. Yakarudishwa magari mamilioni na mamilioni duniani, na kampuni ikafilisika 2017. Joto na unyevunyevu, wadau. Mnaishi wapi nyie? Sisemi Altezza ya kaka imo. Nasema namba ya chasisi ipo, tovuti ya Toyota ya Japani inakubali namba hiyo na inakujibu kama gari yako iliitwa na haikwenda. Dakika tano za bando. Mtu anatumia usiku mzima kutafuta spika za buti, dakika tano hana.

Sasa nije kwenye kiini, na hapa najua nitapoteza marafiki.

Fundi wetu alikaa na gari ile siku moja na nusu. Alifungua makava, alilala chini yake, alitumia tochi yake na mgongo wake. Kaka alipokataa matengenezo, fundi alimwomba elfu thelathini ya kuangalia. Kaka akasema, "Nikulipe kwa kuangalia? Macho yako yanakula umeme?" Watu wakacheka sana. Akampa elfu kumi, "ya soda."

Mie sikucheka. Kwa sababu hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Ukienda hospitali binafsi unalipa kumuona daktari, hata akikuambia huna kitu, nenda zako. Unashukuru, unatoka umefurahi. Mwalimu wa tuisheni unamlipa kwa kipindi, humlipi kwa idadi ya makosa ya mtoto wako. Lakini fundi gari tunamwambia: kuangalia ni bure, utapata pesa ukibadilisha kitu. Yaani fundi mkweli akikaa siku nzima na gari yako akaikuta nzima, anarudi kwao na mikono mitupu yenye grisi. Fundi muongo akitia dole gumba kwenye oili akasema "injini inataka kufunguliwa," anakula. Tumeweka bei kwenye ubovu, halafu tunashangaa ubovu unapatikana! Nani atakayekuwa mkweli kwa bure, miaka na miaka, na ana kodi ya kiwanja?

Ndiyo, najua wapo mafundi wezi. Msiniandikie kunikumbusha. Wapo wanaochomoa spea yako nzima wakakufungia ya mtu mwengine, wapo wanaoandika plagi sita wakafunga tatu, wapo wanaolaza gari wiki mbili wakiwa wanaendea harusini. Lakini sikilizeni tofauti. Mwizi hakuiti. Mwizi hakuonyeshi kibandiko, hakupi tairi ulitikise, hakurudishii mkanda wa zamani kwenye gazeti ukaupeleke nyumbani. Fundi wetu kampigia kaka simu kabla hajafungua hata boli moja la kazi mpya. Na kaka kampigia fundi mara saba kumtukana. Yule aliyemuuzia gari, mwenye selotepu na mkasi, namba yake imo kwenye simu hiyo hiyo. Mpaka leo hajampigia hata mara moja. Nilimuuliza kwa nini. "Ah, biashara imeshapita."

Biashara imeshapita! Milioni nane na nusu imepita, laki tisa imekuwa dhulma.

Mie nasomea ualimu na hili nimeliona darasani. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa Form Two, hesabu. Nikasahihisha daftari, mtoto mmoja akapata tatu kwa kumi. Kesho yake kaja mzazi, kavaa vizuri, kaniambia mwanawe siku zote anapata tisa. Nikafungua kurasa za nyuma mbele yake. Kweli, tisa, tisa, kumi. Kila hesabu imepigwa vema, za sawa na zisizo sawa, saba mara nane hamsini na nne, vema. Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa anapitisha kalamu tu. Yule mzazi aliyaona yale kwa macho yake, na bado alitoka pale amenikasirikia mimi. Mwalimu anayepiga vema kila kitu anaitwa mpole, hana shida na watu. Anayesahihisha anaitwa mkali. Hapana, sijasahau kama naandika habari za gari. Ni jambo lile lile, na ndilo lililofanya niandike.

Maana mnajua kaka kafanya nini baada ya hapo? Kaipeleka gari kwa fundi mwengine, upande wa pili wa mji. Yule kamwaga oili, kabadilisha filta, kaisafisha injini kwa dizeli ikang'aa, kasema "gari iko freshi, mzee, huyo alitaka kukula." Nusu saa. Laki moja na ishirini yote imekwisha, na kaka karudi anamsifu mpaka leo. Huyo ndiye fundi mzuri sasa. Mkanda ni ule ule wa 2008, umelowa. Jino la mtoto linacheza pale pale. Taa haiwaki. Lakini hakuna aliyepigwa, mtaa mzima umeridhika.

Mie nataka nini? Sitaki serikali iunde kamati, nyie mnapenda kamati. Nataka mtu akipeleka gari kwa fundi walipane ada ya kukagua mwanzo, mbali na matengenezo, hata ikiwa elfu ishirini, na ilipwe vile vile gari ikiwa nzima. Nataka fundi aandike alichokiona kwenye karatasi, hata ya daftari la skuli, kipi cha leo, kipi cha mwezi ujao, kipi kinaweza kusubiri. Hili mafundi wetu wengi hawalifanyi, na hapo nawalaumu, kwa sababu ukimtupia mtu laki tisa kwa pamoja bila kumpangia, lazima achanganyikiwe. Boli jointi na mkanda ni vya leo. Mipira ya rejeta inaweza kungoja mshahara. Fundi wetu hilo angelisema tangu jioni ile, kaka angesikia laki nne na tisini badala ya laki tisa na themanini, na ufundi wake ungepungua pia. Spea ya zamani irudi kwa mwenye gari. Na anayenunua gari amlete fundi KABLA hajatoa pesa. Elfu thelathini ile ile aliyoikataa kaka ingemuonyesha kibandiko kile angali na milioni nane na nusu mfukoni, na angeshusha bei au angeondoka zake.

Na ukinunua gari ya spoti ya miaka ishirini, usimalize pesa zote kwenye kuinunua. Mtu ana milioni tisa anatafuta gari ya milioni nane na tisa. Tafuta ya sita na nusu, au kanunue Vitz. Hamtaki Vitz, nyie mnataka mlio.

Wale vijana wawili wa chini ya mwembe nimewauliza wamejifunza nini mwezi huu. Mmoja, ana miaka kumi na sita hivi, kanijibu bila kufikiri: "Dada, ukiona ubovu, nyamaza." Nimewaambia kuna mafunzo ya amali Mwanakwerekwe, kuna Chuo cha Karume pale Mbweni, wanaweza kupata cheti. Kaniangalia tu. Cheti kitamfundisha kuusoma ubovu vizuri zaidi, na mtaa umeshamfundisha kuunyamazia.

Idd pili kaka anataka kutupeleka Nungwi, familia nzima, na watoto wa dada nyuma. Kaosha gari mara mbili wiki hii. Nimemwambia mbele ya baba, bila ya kuficha, kama boli jointi hazijabadilishwa watoto hawapandi. Kanuna, hajaniamkia tangu jana. Na mama nimeshamwambia: yeye na mie tunapanda 116.